Somo la Mwezi: Meza na Shamba

Mafungu ya kusoma: 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1-13

Kabla ya kuendelea, twawaomba mfungue Biblia na kuyasoma mafungu haya kwa sauti. Ni mafupi, nayo yanatuhusu sana sisi wa Kasulu na Kibondo.

1. Jinsi alivyopata ulemavu

Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na miaka 5 habari mbaya za vita zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Angalieni: Biblia haisemi kwamba mtoto alitenda dhambi, wala kwamba alilogwa. Yaya alikuwa akimwokoa.

Watu wa wilaya zetu wanaelewa jambo hili upesi. Wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka wakaja kwetu mwaka 1972, na tena mwaka 1993. Wenzao wa Kongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Tuliona akina mama wakifika na watoto mgongoni, na wengine walikuwa wameumia njiani. Hatukuwauliza wamemkosea nani. Basi kwa nini twamwuliza hivyo jirani mwenye kifafa, au aliyepooza, au mzazi wa mtoto asiyeona?

2. Ugonjwa usiokwisha

Malaria ina mwisho. Familia huuza jogoo, hununua dawa, na mgonjwa akipona shughuli imekwisha. Lakini ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na kifafa havina siku ya kumaliza. Kila mwezi hudai dawa, hudai nauli, hudai na siku ya kazi iliyopotea shambani. Mwezi wa kwanza ndugu huchanga. Mwezi wa sita wamechoka. Mgonjwa naye huona haya kuomba tena, hunyamaza.

Sisi tunaoandika somo hili hatukuyasoma haya vitabuni tu. Tulipitia chuo cha ualimu, tukafundisha shule za msingi mpaka kustaafu. Mwaka wa pili wa kustaafu tuliambiwa tuna ugonjwa wa sukari. Tulishika dawa vizuri. Kisha mjukuu wetu akachaguliwa kwenda shule ya bweni, ikatakiwa nauli, godoro na sanduku. Tukajisemea moyoni: mwili hauna shida, tuache dawa miezi miwili tu. Hatukumwambia mtu yeyote, hata mama wa nyumbani.

Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mguu hupoteza hisia. Funza aliingia katika kidole, kidonda kikaoza, nasi hatukusikia maumivu. Tulikatwa vidole viwili. Mbuzi wawili waliuzwa kwa ajili ya hospitali, na fedha hizo zilizidi mara nyingi bei ya dawa tulizoziacha. Mjukuu alichelewa shule vilevile.

Tuliofundisha watoto hesabu miaka yote ile tulishindwa hesabu hiyo ndogo. Ujuzi tulikuwa nao. Kilichotushinda ni haya ya kusema, "Mwezi huu sina."

3. Alivyofanya Daudi

Mefiboshethi alikuwa akiishi Lo-debari, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri. Tumshukuru Mungu kwa watu kama Makiri. Karibu kila kijiji chetu kina mtu wa namna hiyo, anayemtunza mgonjwa asiye na kitu, wala hatajwi kanisani.

Daudi alipomkumbuka kijana huyu kwa ajili ya rafiki yake Yonathani, hakumpelekea chakula cha siku moja. Alifanya mambo mawili.

Kwanza, alimpa mahali mezani pamoja na wana wa mfalme, siku zote.

Pili, alimrudishia mashamba yote ya babu yake. Akamwamuru Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wayalime na kuleta mazao. Mefiboshethi hakuweza kushika jembe, lakini shamba lilikuwa lake na mavuno yalikuwa yake.

Sisi mara nyingi twatoa sabuni na sukari siku ya kumtembelea mgonjwa, twaomba, twaondoka. Ni vema. Lakini shamba lake limeota magugu, na siku ya kliniki hana nauli.

4. Yatupasa kufanya nini

(a) Mgonjwa asiache dawa kabla ya kumwona daktari, hata akijisikia mzima. Fedha zikipungua aseme mapema. Mwenye sukari atazame nyayo zake kila jioni, wala asitembee peku. Hata katambuga za matairi zasaidia. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu. Asiachwe peke yake karibu na moto au mtoni. Akianguka, mtoeni penye hatari na kumlaza ubavu. Povu lake haliambukizi mtu.

(b) Kila kanisa liwe na daftari la wagonjwa wa muda mrefu na tarehe zao za kliniki. Kila jumuiya ichukue mgonjwa mmoja na kumwekea nauli kidogo kidogo kila Jumapili. Vijana wa TAYO wampalilie maharage. Akina mama wa UMAKI wamfuate aje ibadani, wala wasimngoje.

(c) Tujue na haki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Asiyejua kusoma fomu asaidiwe na anayejua. Walimu wastaafu tupo. Kuhusu matibabu ya wasio na uwezo, Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kuulizwa.

5. Mwisho wa habari

Soma tena mstari wa mwisho wa sura ya 9. Mefiboshethi anakula mezani pa mfalme, naye bado ni kiwete. Miguu haikupona. Kilichobadilika ni mahali alipokaa na mahali alipopatia chakula chake. Tuombe uponyaji bila kuchoka, lakini tusingojee mtu apone ndipo tumkaribishe.

Maswali ya kujadili

1. Nani katika mtaa wetu ameacha dawa kwa kukosa fedha? Tutajuaje?
2. Nani ni "Makiri" wa kijiji chetu, naye amesaidiwa na nani?
3. Kwa nini mgonjwa huona haya kusema hana kitu? Je, maneno yetu yamechangia?
4. Kabla ya Jumapili ijayo, jumuiya yetu itamlimia nani, na siku gani?