Somo la 6: Yule Anayebaki Nyumbani Wakati wa Makambi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Mambo ya Walawi 23:39-43, Luka 2:41-52, 1 Samweli 2:12-25, 1 Samweli 8:1-5, Matendo 13:13, Matendo 15:36-40, 2 Timotheo 4:11.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 16:14. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake.

Chukulia nyumba moja ya Nyamiaga, wilayani Ngara. Shule zimefungwa, maharage yameshaanikwa, na mama anakunja mablanketi kwa ajili ya juma la makambi. Wadogo wamekwisha kuvaa sare za Watafuta Njia kabla hata ya siku yenyewe kufika. Kaka yao, mwenye miaka 15, amekaa kizingitini. Mwaka huu amerudishwa kutoka shuleni mara mbili, na mara ya pili alikutwa na bangi. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, anamwambia bila ukali, "Wewe utabaki uangalie mbuzi." Kijana anaitikia, "Sawa, baba." Kila mtu nyumbani humo anajua kwamba jirani angeweza kuwaangalia mbuzi hao.

Siku chache baadaye, kambini, baba huyo huyo atasimama mbele ya mkutano kuongoza maombi kwa ajili ya vijana waliopotea.

Kwa familia nyingi za Waadventista wa Afrika Mashariki, makambi ndiyo likizo pekee ambayo nyumba nzima husafiri pamoja. Kwa hiyo anayeachwa nyuma haachwi na mkutano tu, bali anaachwa na familia. Juma hili tutaangalia jinsi Biblia inavyozungumza juu ya sikukuu ya familia, na nafasi ya kijana aliyeshindikana katika sikukuu hiyo.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa na Sabato ijayo.

JUMAPILI: Orodha ya Walioalikwa

Soma Kumbukumbu la Torati 16:13-15 na Mambo ya Walawi 23:39-43. Ni akina nani wametajwa kuwa washiriki wa furaha ya Sikukuu ya Vibanda? Ni nani kati yao ambaye familia ingeweza kumwacha kwa urahisi?

Sikukuu ya Vibanda ilikuja baada ya mavuno. Kwa siku saba Waisraeli walitoka katika nyumba zao wakakaa katika vibanda vya matawi, ili watoto wao wajue jinsi Mungu alivyowakalisha baba zao jangwani. Musa hakuiacha orodha ya washiriki wazi. Anaanza na mwenye nyumba na watoto wake, wa kiume na wa kike, kisha anashuka hadi kwa watumwa, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha ya nyumba ilipaswa kuwafikia hata wale ambao hawakuwa na nyumba ya kuwaalika.

Waadventista wa kwanza walipokutana huko Wright, Michigan, Septemba 1868, katika shamba la E. H. Root, walilala katika mahema wakiwa na familia zao. Huko ndiko yalikotoka makambi yanayojulikana leo. Ujumbe wa Waadventista ulipofika Upare mwaka 1903, ulikuja kwa watu ambao hawakuhitaji kufundishwa kukaa pamoja.

Kwa mtu wa Ngara, neno "kambi" lina kumbukumbu nyingine pia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku mbili, na kambi ya Benaco ikajaa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi waliopotezana na wazazi wao njiani. Wazee waliokuwapo wanajua kwamba katika kambi kama ile swali la kwanza kwa mtoto halikuwa, "Una tabia gani?" Lilikuwa, "Uko na nani?"

Je, makambi ya kanisa lako humuuliza kijana swali lipi kwanza?

JUMATATU: Mwendo wa Siku Moja

Soma Luka 2:41-52. Wazazi wa Yesu walitembea umbali gani kabla ya kugundua kwamba hayupo? Ni wazo gani lililowafanya waendelee na safari?

Hapa iko safari ya familia. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, na mwaka huu mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao mtoto huanza kuwa na mawazo yasiyojulikana na wazazi. Wakati wa kurudi walidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa. Ilikuwa dhana ya kawaida kabisa. Hata hivyo dhana hiyo iliwagharimu siku tatu za uchungu.

Yesu hakuwa mtukutu, na fungu hili haliwezi kutumika kumlinganisha na kijana anayevuta bangi. Mafundisho yako upande wa wazazi. Watu wema, waliokuwa wakitoka katika ibada, walitembea kutwa nzima bila kujua mtoto wao yuko wapi. Ndivyo inavyotokea hata leo. Baba anadhani kijana yuko na mama, mama anadhani yuko na walimu, walimu wanadhani yuko na kanisa. Wakati huo kijana ameketi penye maegesho ya malori, akisikiliza watu ambao hawamdhanii, bali wanamwita kwa jina.

Angalia pia walichofanya walipogundua. Hawakutuma mtu, wala hawakungoja arudi mwenyewe. Waligeuza safari. Walipompata, Mariamu alimweleza maumivu yake wazi, kisha akasikiliza jibu asilolielewa. Hakulitupa, bali aliliweka moyoni. Mzazi anaweza kuumia, kusema kwamba ameumia, na bado akasikiliza.

Ni lini mara ya mwisho ulipojua, bila kudhani, kijana wako yuko wapi katika safari yake na Mungu?

JUMANNE: Baba wa Watu Wote

Soma 1 Samweli 2:12-25 na 1 Samweli 8:1-5. Eli na Samweli walifanana katika jambo gani, na walitofautiana katika lipi?

Eli alihudumu katika hema ya Bwana, na familia zilizopanda Shilo kila mwaka zilimkuta pale. Ni yeye aliyembariki Hana. Ni yeye aliyemlea Samweli, mtoto wa watu wengine, na kumfundisha kuitambua sauti ya Mungu. Lakini wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, waliharibikia hapo hapo mlangoni pa hema. Habari zao alizipata kwa watu. Aliwakemea, lakini hakuwazuia.

Samweli naye alizunguka mwaka hata mwaka akiamua Israeli, na wanawe hawakuenda katika njia zake. Biblia haisemi kwamba alikosa kama Eli, kwa hiyo msomaji asiwe mwepesi kumhukumu kila mzazi ambaye mtoto wake amepotoka. Hata hivyo habari hizi mbili zimewekwa karibu, na mtenda kazi wa kanisa hawezi kuzipita bila kujiangalia.

Huduma kwa vijana waliopotoka ni kazi njema, nayo hula likizo. Mchungaji wa mtaa, kiongozi wa Watafuta Njia, mwalimu wa Shule ya Sabato, wote hutumia siku ambazo shule zimefungwa kukaa na watoto wa wengine. Watoto wao huenda nao kambini, lakini huenda kama wasaidizi: wabeba maji, wapanga viti, wapishi. Mtoto huyo anaweza kufika mahali pa kuamini kwamba ili baba amwangalie, lazima kwanza apotee.

Yesu aliwaita wanafunzi wake wajitenge wapumzike, wakati watu walikuwa bado wanakuja na kwenda (Marko 6:31). Basi familia ya mtenda kazi itenge siku zake kabla ya makambi au baada yake, hata kama ni siku mbili za kwenda kuwasalimu bibi na babu huko Biharamulo, bila ratiba ya mahubiri.

JUMATANO: Kijana Aliyerudi Njiani

Soma Matendo 13:13. Matendo 15:36-40 na 2 Timotheo 4:11. Paulo alikuwa na sababu gani ya kumkataa Marko? Barnaba aliona nini?

Yohana Marko aliianza safari akaiacha. Paulo hakuona vema kumchukua tena, na sababu yake ilikuwa na uzito: kazi ilikuwa ya hatari, na mtu asiyetegemewa angeweza kuwaumiza wengine. Barnaba alitaka apewe nafasi. Mashindano yakawa makali hata wakaachana, na Barnaba akamchukua Marko kwenda Kipro.

Inafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, Marko alikuwa ndugu wa Barnaba (Wakolosai 4:10), na Kipro kilikuwa nyumbani kwa Barnaba (Matendo 4:36). Barnaba alimrudisha kijana katika kazi kwa njia ya undugu. Pili, Barnaba hakumpa Marko hotuba tu, alimpa safari, akasafiri naye. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni akaandika kwamba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Katika kila baraza la kanisa wako akina Paulo na akina Barnaba. Mzazi mmoja husema, "Kijana huyo atatuharibia watoto." Mwingine husema, "Tukimwacha, nani atamchukua?" Wote wawili wanaweza kuwa wanampenda Mungu. Swali la Paulo halijibiwi kwa kulinyamazisha. Linajibiwa na Barnaba anayejitokeza na kusema, "Nitakuwa naye mimi."

Nani katika kanisa lako amewahi kuwa Barnaba kwako?

ALHAMISI: Hema Lenye Uangalizi

Soma Wagalatia 6:1-5. Mtume anawaagizaje wanaomrejeza aliyekosea? Kwa nini anawaonya wajiangalie wenyewe?

Kumkaribisha kijana mwenye matatizo kunahitaji upendo na utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na kanisa linalochukua watoto kambini limechukua dhamana. Mambo yafuatayo yaweza kusaidia kanisa mahalia:

1. Kijana aalikwe mwenyewe, kwa mdomo, mapema. Asisikie kutoka kwa wadogo zake kwamba naye anakwenda.

2. Awe na mtu mzima mmoja anayemjua, mbali na baba na mama, lakini mtu huyo asikae naye peke yake mafichoni. Wasichana na wavulana walale mbalimbali, kila upande ukiwa na walezi wasiopungua wawili.

3. Makosa yake yasitajwe mimbarani wala katika maombi ya hadhara. Ushuhuda ni wake, autoe atakapotaka.

4. Apewe kazi yenye heshima. Anayejua kuendesha baiskeli apeleke ujumbe. Anayejua nyaya asaidie kipaza sauti.

5. Akiwa anatumia kileo au dawa za kulevya, familia itafute msaada wa hospitali na ustawi wa jamii pamoja na maombi. Akiwa amemdhuru mtoto mwingine, au amedhuriwa, jambo hilo lifikishwe kwenye mamlaka. Lisimalizwe na wazee chini ya mti.

6. Jumatatu baada ya makambi, mtu amtembelee. Juma moja la hema haliwezi kubeba kazi ya mwaka mzima.

Rudi sasa Nyamiaga. Baba bado ana usiku mmoja kabla ya safari. Anaweza kwenda kizingitini, akaketi, na kumwambia kijana kwamba habari ya mbuzi haikuwa kweli: alikuwa anaona haya. Kijana anaweza kukataa kwenda. Lakini atakuwa amealikwa.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Luka 15:11-32, ukiangalia zaidi mafungu nane ya mwisho. Baba alitoka nje mara mbili: mara ya kwanza kumlaki aliyepotea, mara ya pili kumsihi aliyebaki. Karamu yake ilikuwa ya familia, na mlango wake haukufungwa kwa yeyote kati ya wana hao wawili. Hatuambiwi kama mkubwa aliingia. Yesu aliiacha habari hiyo bila mwisho mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kumbukumbu la Torati 21:18-21 lina sheria kali kuhusu mwana mkaidi. Kwa nini wazazi walipaswa kumpeleka kwa wazee langoni badala ya kuamua peke yao? Baba wa Luka 15 anatufundisha nini juu ya moyo wa Mungu kwa mwana wa namna hiyo?

2. Mzazi katika darasa lenu anaogopa kwamba kijana mgeni atawaharibu watoto wake kambini. Mtamjibuje bila kuidharau hofu yake?

3. Watoto wa wachungaji na viongozi katika mtaa wenu hupumzika lini na wazazi wao? Kanisa linaweza kuwaondolea mzigo gani ili wapate siku hizo?

4. Kabla ya kufunga darasa, kila mmoja amtaje moyoni kijana mmoja aliyebaki nyumbani makambi yaliyopita. Mtu gani ataenda kumwalika, na siku gani?