Mtoto Ni Wenu Wawili: Wanandoa na Safari ya Kijana Kutoka Sekondari Hadi Chuoni



Mara nyingi katika mafundisho ya ndoa tunazungumza juu ya fedha, ulevi, wakwe na uaminifu. Leo napenda tutazame jambo linalotikisa nyumba nyingi hapa Kiserian kimya kimya, hasa kati ya Novemba, vijana wanapofanya mtihani wa KCSE, na ile miezi wanapokaa nyumbani wakingojea chuo. Jambo lenyewe ni kijana wetu wa sekondari: hali ya moyo wake, na maisha yake baada ya shule. Wengi hudhani hilo ni kazi ya mwalimu. Mimi nasema ni somo la ndoa, na nitaanza kwa kukiri makosa yangu mwenyewe.

KILICHOTUPATA NYUMBANI

Kifungua mimba wetu alipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mimi nilikwisha kuamua kwamba atakuwa mhandisi. Niliwatangazia hata wanajumuiya. Siku za kutembelewa shuleni alikwenda mama yake, kwa kuwa Jumapili mimi nilikuwa kigangoni nikifundisha, na siku nyingine nilikuwa katika shughuli zangu sokoni.

Alipofika kidato cha tatu, mama watoto aliona mambo ambayo mimi sikuyaona. Kijana alikuwa amekonda. Usiku hapati usingizi, mchana anasinzia darasani. Mpira alioupenda ameuacha. Akamsihi mama yake, "Usimwambie baba." Naye, akijua hasira zangu, akanyamaza. Ripoti ilipokuja na alama za hesabu zimeshuka, mimi niligomba na kumwita mvivu.

Matokeo yalipotoka alikuwa na C. Niliiweka simu mezani, nikachukua koti na kwenda zangu sokoni bila neno. Karibu wiki mbili sikusema naye, na kwa mama yake nilisema machache tu ya lazima. Ndipo usiku mmoja mama watoto akaniambia, "Baba watoto, wewe unalilia alama. Mimi mwaka mzima nimelala na simu karibu na kichwa, nikiogopa kupigiwa na shule."

Usiku huo nilisikia kwa mara ya kwanza habari za mwanangu mwenyewe. Niliona aibu. Mimi niliyewafundisha wachumba wa kigango kwamba wawili huwa mwili mmoja, nilikuwa nimekaa katika nyumba ambamo mke wangu aliogopa kuniambia kwamba mtoto wetu anaumia.

Kutokana na hayo, na kutokana na mengi niliyoyasikia baadaye kwa wanandoa wengine, nawaletea mafundisho matano.

1. MSIWE NA SIRI JUU YA MTOTO

Katika Injili ya Luka, sura ya pili, Yesu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili alibaki hekaluni Yerusalemu. Maria na Yosefu walirudi njiani wote wawili, wakamtafuta hata siku ya tatu wakamwona. Angalieni jinsi Maria alivyosema: hakujitaja peke yake, alimtaja na Yosefu, kwamba wote wawili walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Wala hatusomi kwamba walilaumiana njiani nani aliyemwacha mtoto.

Katika nyumba zetu mara nyingi mama huwa na habari na baba huwa na amri. Mwenye habari haamui, na mwenye kuamua hana habari. Kosa hapa si la mama peke yake aliyeficha. Baba ajiulize kwa nini alifichwa. Mke akimletea mume habari mbaya ya mtoto, mume asianze na swali, "Wewe ulikuwa wapi?" Aanze na, "Asante kwa kuniambia. Tufanye nini?" Na mke asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Amwambie, "Baba yako lazima ajue, lakini nitamwambia mimi, kwa utaratibu."

2. MTAZAMENI KIJANA KABLA YA KUTAZAMA RIPOTI

Alama kushuka ni dalili, nayo yaweza kuwa na sababu nyingi: macho mabovu, ugonjwa, kuonewa bwenini, dawa za kulevya, mapenzi, au ugomvi wenu ninyi wazazi ambao mnadhani hausikiki. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kijana akifika nyumbani kwa likizo, mwacheni ale na alale kwanza. Kisha tazameni: je, amejitenga na rafiki zake? Ameacha mambo aliyoyapenda? Usingizi na chakula vimebadilika kwa majuma kadhaa? Anasema hana faida, au kwamba afadhali asingekuwapo? Anagawa vitu vyake vya thamani? Mkisikia maneno ya kutaka kufa, msiyaite mchezo wala kumwambia ni dhambi na kumaliza hapo. Muulizeni waziwazi kama anafikiri kujidhuru, maana kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Sala ni lazima, lakini kama tunavyosali na kumpeleka hospitali mtoto mwenye malaria, vivyo hivyo kwa moyo ulioumia.

Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni na padre wa parokia wanaweza kusaidia. Tena ipo namba 116 ya Childline Kenya, ambayo mtoto au mzazi hupiga bila malipo. Fimbo haisaidii hapa. Hata mashuleni adhabu ya viboko ilipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 2001.

3. NENDENI SHULENI WOTE WAWILI

Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi cha shule hiyo. Basi baba naye ni mwanachama, wala si mlipaji wa karo tu. Kama kazi haziwaruhusu kwenda pamoja, pokezaneni: muhula huu baba, muhula ujao mama. Atakayerudi asimulie yote kabla ya kulala.

Mkifika, msiishie kuuliza nafasi yake darasani. Muulizeni mwalimu wa darasa, "Anakaa na nani? Anacheka? Somo gani linampa furaha?" Mimi kama ningalikwenda mara moja tu na kuuliza hivyo, ningalijua kwamba mwanangu alikuwa akishinda karakana akitengeneza nyaya za taa na wenzake.

4. ZIJUENI NJIA ZILIZOPO

Hofu yetu nyingi inatokana na kutojua. Wakati wetu, aliyekosa chuo kikuu alihesabiwa kuwa ameanguka. Leo sivyo.

Mwenye C+ na zaidi katika KCSE anaweza kuomba shahada. Kwa kawaida stashahada huhitaji C- na cheti huhitaji D, na mafunzo ya ufundi stadi yapo hata kwa aliyepata E. Maombi haya hupitia KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB. Kijana huomba kwa mtandao baada ya matokeo. Kila kozi ina kundi la masomo manne yanayotazamwa kwa namna ya pekee. Ndiyo maana vijana wawili wenye C+ wanaweza kupata, mmoja kozi anayoitaka, mwingine asiipate. Kaeni na kijana mkitazama masomo hayo tangu kidato cha tatu, msingoje siku ya mwisho kwenye saiba.

Wenye watoto wa mtaala mpya wajue kwamba mambo yao huanza mapema zaidi. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Msimchagulie kwa sababu ya jina la kozi. Mchagueni pamoja naye kwa yale anayoyaweza na anayoyapenda.

Aliyeanza na cheti anaweza kupanda hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada. Wala si lazima aende mbali. Hapa Kajiado tunacho chuo cha Masai Technical, na kando ya Barabara ya Magadi kuna Chuo Kikuu cha Multimedia, ambako kijana wa Kiserian anaweza kwenda na kurudi kwa matatu.

5. FEDHA ZA CHUO ZIPANGWE NA WAWILI

Kwetu hapa ardhi ina bei, na wanunuzi hawakosi. Basi mzazi mwenye uchungu wa kutaka mtoto asome hujaribiwa kuuza kipande cha shamba bila kumwambia mwenzake. Nimekaa na wanandoa ambao bwana aliuza ng'ombe kwa siri akampa wakala aliyeahidi chuo ng'ambo. Wakala alitoweka. Ng'ombe walisahaulika baada ya muda, lakini mke hakusahau kwamba hakuulizwa. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake.

Kabla ya kulipa chochote, ulizeni kama chuo kimesajiliwa: vyuo vikuu kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, vyuo vya ufundi kwa TVETA. Ombeni mkopo wa HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995, na basari ya kaunti. Utaratibu wa serikali wa kugharamia wanafunzi ulibadilishwa mwaka 2023 na kufikishwa mahakamani, kwa hiyo someni masharti ya mwaka wa mtoto wenu, msitegemee alivyopata wa jirani. Kisha andikeni katika daftari moja, mbele ya kijana: tunacho hiki, tunaweza hiki, hiki hatuwezi. Kijana anayejua ukweli wa nyumba yake hujifunza kutumia kwa kiasi.

TULIVYOMALIZA

Baada ya usiku ule, tulimwita kijana tukakaa watatu jikoni. Nilimwomba msamaha. Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kutoa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama bado anaruhusiwa kusomea umeme, ingawa si uhandisi wa chuo kikuu. Mama yake akanitazama. Nikasema, "Ndiyo." Kwanza tulimpeleka hospitali akaonana na mshauri kwa miezi michache, chuo kikafuata. Sasa yuko mwaka wa pili wa stashahada. Kama atafika shahada, hatujui. Anakula vizuri, na siku hizi hunipigia simu mimi pia.

Mama watoto naye siku hizi haogopi kuniletea habari mbaya. Hiyo ndiyo faida niliyoipata katika ndoa yangu kutokana na C ya mwanangu.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

Jioni moja wiki hii, watoto wakiisha kulala, zimeni redio na simu mjibu maswali haya:

(a) Ni jambo gani juu ya mtoto wetu ambalo mmoja wetu analijua na mwingine halijui? Kwa nini?

(b) Kazi tunayomtakia mtoto, ni ndoto yake au yetu?

(c) Mara ya mwisho kila mmoja wetu kuzungumza naye bila kutaja masomo ilikuwa lini?

(d) Karo ya chuo tutaipata wapi, na tumekubaliana nini tusichouza?

Mkimaliza, salini pamoja, mkimtaja kila mtoto kwa jina lake. Mungu aliyewapa watoto hao awape ninyi wawili moyo mmoja wa kuwalea. Amina.