Maji ya Kuoga Yasimwagwe: Mboga za Majani Wakati wa Kiangazi

Toleo hili linawafikia wakati mvua zinakatika. Kwa sasa vijiji vyetu bado ni kijani. Kunde zimetambaa, maboga yametanda hadi mlangoni, na hakuna anayeuliza mboga itatoka wapi. Lakini sote tunaijua Septemba. Kuanzia Msimbati na Msanga Mkuu hadi Mahurunga na Kitaya, mchanga unachoma miguu, visima vingine vinakauka na vingine vinakuwa na chumvi. Katika nyumba nyingi chakula kinabaki ugali wa muhogo na samaki kidogo, mchana na usiku.

Mkoa wetu si jangwa. Hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo tunaishi miezi sita au zaidi kama watu wa jangwani, hasa sisi wa pwani wenye udongo wa kichanga usioweza kushika maji.

Jibu la mama mmoja

Sisi wauguzi yatupasa kukiri kosa letu. Kwa miaka mingi katika kliniki ya mama na mtoto tumekuwa tukisema, "Limeni bustani, kuleni mboga za majani." Siku moja, mwezi wa Oktoba, alikuja mama mjamzito mwenye viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu, amemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Alitueleza kwamba jua likishatua mtoto huyo hupapasa ukuta, wala haoni sahani iliyo mbele yake. Tukamuuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hana bustani. Akajibu kwa upole, "Mama, ndoo mbili ninazopata nazifuata alfajiri, narudi jua limepanda. Niwape watoto wanywe, au niupe mchicha?"

Hatukuwa na jibu. Aibu yetu iliongezeka tulipokumbuka kwamba hata bustani ya mfano tuliyoilima wenyewe nyuma ya wodi ilikuwa imekauka tangu Agosti.

Mtoto alipewa vitamini A na mama akapewa vidonge vya kuongeza damu, nao wakapata nafuu. Baadaye tulimtembelea nyumbani kwake. Ua wote ulikuwa mkavu, isipokuwa mahali pamoja. Pembeni mwa bafu la makuti, pale maji yanapotokea, ulisimama mgomba mmoja uliostawi vizuri. Mgomba huo ndio uliotufundisha somo la leo: nyumba isiyo na maji ya bustani mara nyingi inayo maji inayoyamwaga.

Kwa nini tunasisitiza majani?

Majani ya kijani kibichi yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Majani pia yana madini ya chuma, na yana foliki asidi inayohitajika sana kwa mama mjamzito. Serikali hutoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Msiache kuwapeleka. Lakini matone hayachukui nafasi ya chakula cha kila siku. Na mtoto asiyeona vizuri jioni apelekwe hospitali mara moja, kwani akicheleweshwa anaweza kupofuka kabisa.

Hebu tupige hesabu ya maji

Tuchukue familia ya watu 6. Kila mmoja akioga kwa lita 10 tu kwa siku, zinamwagika lita 60. Tuseme tumefanikiwa kukinga nusu yake, yaani lita 30. Tuta la mboga kwenye udongo ulioandaliwa vizuri huhitaji kama lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Basi lita 30 zinatosha tuta la mita 2 kwa mita 3. Hapo hatujagusa hata kikombe kimoja cha maji ya kunywa.

Gawa tuta hilo katika vipande vinne. Panda mchicha kipande kimoja kila wiki. Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo kipande cha nne kinapopandwa, cha kwanza kinakaribia kuvunwa. Kwa njia hii nyumba haikosi mboga.

Kutayarisha tuta la shimo

Wengi tumezoea kuinua matuta. Hiyo ni kanuni ya masika. Wakati wa kiangazi, kwenye mchanga, tuta lishuke chini. Fanyeni hivi:

1. Chimbeni shimo lenye kina cha kama sentimita 40. Udongo wa juu uwekeni upande mmoja.

2. Tandazeni chini makumbi ya nazi, upande wa ndani ukitazama juu. Makumbi hunyonya maji na kuyatoa polepole. Msitumie makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, maana yana chumvi.

3. Changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita ya mraba. Mbolea ya kuku isiyooza huunguza mimea.

4. Rudishieni udongo huo hadi ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa kama sentimita 10, ili maji yasikimbie.

5. Funikeni udongo kwa nyasi kavu, na wekeni kichanja cha makuti cha kupunguza jua la mchana. Zungushieni ua, la sivyo mbuzi na kuku watavuna kabla yenu.

Asiye na nafasi atumie kiroba kilichojazwa udongo na samadi, katikati akiweka nguzo ya kokoto ya kupitishia maji. Hapa tunatoa onyo kwa wakulima wa korosho. Mfuko uliokuwa na salfa au dawa yoyote ya mikorosho usitumike kupandia mboga. Vilevile dawa ya ubwiri unga isinyunyiziwe mchicha, na bustani isiwe karibu na mikorosho inayopuliziwa.

Maji yapi yafaa, yapi hayafai

Yanayofaa ni maji ya kuoga, ya kuoshea mchele na mboga, ya kuoshea samaki wabichi, na ya suuzo la mwisho la nguo. Mwagilieni asubuhi na mapema au jioni, kwenye shina, si juu ya majani. Mboga zilizomwagiliwa hivyo zioshwe kwa maji safi na zipikwe, zisiliwe mbichi.

Yasiyofaa ni maji yaliyofuliwa nepi au nguo za mgonjwa, maji yenye sabuni nyingi ya unga, na maji yaliyolowekewa samaki wa chumvi. Kwa wenzetu wenye visima vya chumvi, dalili ni kingo za majani kuungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Changanyeni maji hayo na ya kuoga, na mpande mchicha na spinachi. Maharage na karoti havitavumilia.

Tunaonya pia wale wanaoishi kando ya Mto Ruvuma. Ardhi ya bondeni ni nzuri kwa mboga maji yanapopungua, lakini mamba na viboko wapo. Mtoto asitumwe peke yake kuchota maji mtoni kwa ajili ya bustani, hasa jioni. Hakuna fungu la mchicha lenye thamani ya mtoto.

Mboga zinazovumilia

Tusitegemee tuta peke yake. Pandeni mlonge mvua zinapoanza, nao utatoa majani kwa miaka mingi hata wakati wa kiangazi. Matembele yapandwe mahali maji yanapodondoka kila siku, kama chini ya mtungi au kichanja cha vyombo. Mbaazi huendelea kuzaa wakati mazao mengine yamekauka. Mpapai ukipandwa kwenye mfereji wa bafu hutoa tunda lenye vitamini A. Na kisamvu tunacho tayari shambani.

Tusivipoteze jikoni

Ni huzuni kulima kwa taabu halafu kumwaga vitamini pamoja na maji ya kuchemshia. Zingatieni haya:

Osheni majani kabla ya kuyakata. Pikeni kwa maji kidogo, dakika 5 hadi 10, sufuria ikiwa imefunikwa. Maji yaliyobaki yawe mchuzi. Magadi hulainisha mboga upesi lakini huharibu vitamini. Anayeweza kuyaacha ayaache.

Kisamvu kina kanuni yake. Kina sumu ya asili, kwa hiyo kitwangwe sana kinuni, kisha kichemshwe bila kufunikwa kwa nusu saa au zaidi ili sumu itoke na mvuke, ndipo kitiwe tui. Kisamvu cha mpira kitwangwe na kuchemshwa zaidi. Tusiidharau sumu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mikoa yetu ya kusini, Mtwara ikiwemo, walipatikana watu waliopooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, baada ya kula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka wakati wa njaa.

Wekeni mafuta kidogo, tui, karanga au korosho, kwa kuwa bila mafuta mwili hauwezi kutumia vitamini A iliyo kwenye majani. Mwisho, ongezeni kitu chachu kama ndimu au embe bichi, maana huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Dagaa na samaki husaidia pia. Chai inazuia. Inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Na mabibo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Msimu ukifika, watoto wale mabibo yaliyooshwa. Yasiishie yote kwenye uraka.

Mchicha wa tui na korosho (watu 6)

Mahitaji: mafungu 3 ya mchicha au matembele, nazi 1, korosho zilizobanguliwa na kukaangwa nusu kikombe, nyanya 2, kitunguu 1, ndimu 1, chumvi kidogo.

Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Twanga korosho hadi zilainike. Chemsha tui jepesi na kitunguu na nyanya. Tia korosho, ukikoroga kwa dakika 10 moto usiwe mkali. Tia majani yaliyokatwa, funika dakika 5. Ongeza tui zito na chumvi, koroga lisikatike, likianza kuchemka ipua. Kamulia ndimu. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe vijiko viwili vitatu katika uji au ugali laini, huku akiendelea kunyonya.

Kuweka akiba

Mwezi huu kunde zipo tele. Chumeni majani machanga, yatumbukizeni katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, yachujeni na kuyaanika kivulini penye upepo. Jua kali huua vitamini A. Yakikauka hadi kukatika, yahifadhini kwenye chombo kinachofungika vizuri.

Tunamalizia kwa habari ya yule mama. Tulimsaidia kuchimba tuta lake la kwanza karibu na ule mgomba. Kiangazi kilichofuata alikuja kliniki na mtoto mchanga mgongoni, na mkononi amebeba fungu la mchicha. Alituambia, "Mama, huu ni wa maji ya kuoga. Msiuogope, nimeuosha." Nasi siku hiyohiyo tukaanza kuchimba tuta la shimo nyuma ya wodi, karibu na bafu la wagonjwa wetu.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu tunamwaga ndoo ngapi za maji ya kuoga kwa siku, na yanakwenda wapi?

2. Ni nani kati ya majirani zetu, mjamzito au mzee, asiye na nguvu za kuchimba tuta? Tutamsaidia lini?

3. Kwa nini mchicha hufunikwa unapopikwa, lakini kisamvu huachwa wazi?