Mwizi Aliyekamatwa Kumekucha

JUMANNE

Soma Kutoka 22:1–4. Kwa nini sheria inamtofautisha mwizi wa usiku na yule aliyekamatwa jua likiwa limechomoza?

Huko Mbinga, miezi ya mavuno ya kahawa ni miezi ya furaha na ya kukosa usingizi. Kahawa iko vichanjani, fedha ziko nyumbani. Magunia mawili yakiibwa juma hili na matatu juma lijalo, kijiji kizima hubadilika. Hapo kijana akikutwa na debe la kahawa asiloweza kulieleza, sauti za “choma huyo” hazikawii, na mshiriki wa kanisa aweza kujikuta katika umati ule akiwa na jiwe mkononi.

Jambo hili si geni Tanzania. Baada ya Vita vya Kagera (1978–1979), wizi wa ng’ombe na ujambazi wa silaha uliongezeka sana Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa huko walianzisha Sungusungu. Wizi ukapungua, Serikali ikawakubali, na mwaka 1989 wakapewa mamlaka kisheria. Lakini walinzi hao hao waliwageukia pia wanawake wazee walioshukiwa uchawi, na damu ikamwagika. Hofu ilikuwa ya kweli, ushahidi haukuwapo.

Usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama aliyevunja mlango ana panga au yuko na wenzake. Mungu anaizingatia hofu hiyo. Jua likichomoza, uso wa mwizi unaonekana, majirani wapo, mtendaji wa kijiji yupo. Tangu hapo anayemuua ana hatia ya damu, na mwizi anadaiwa malipo: ng’ombe watano kwa mmoja, kondoo wanne kwa mmoja. (Aliyechomwa moto hamlipi mtu hata debe moja.)

Soma pia Kumbukumbu la Torati 19:15–19. Mashahidi wanaotakiwa ni wawili au watatu. Umati una watu mia, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeona.

Jadilini: Mshiriki mmoja anakataa zamu ya ulinzi wa usiku, akiogopa atalazimishwa kumpiga mtu. Mwingine anakwenda, na tochi na filimbi tu. Darasa lenu lingemshauri nini kila mmoja? Je, ushauri huo ungebadilika kama aliyekamatwa ni kijana wa kanisa lenu, au kama kahawa iliyoibwa ni yako?