Akiba yako ya uzeeni Marekani: asilimia 30 si neno la mwisho

Dada mmoja wa Arusha ameniandikia. Alisoma Texas, akafanya kazi huko kwa kibali cha wahitimu, na mwajiri akamfungulia akaunti ya akiba ya uzeeni, ile 401(k). Sasa amerudi nyumbani na anataka fedha zake. Kampuni inayoitunza akaunti inasema itakata asilimia 30. Wakala aliyempata mtandaoni anamwambia ajaze fomu W-9 akatwe 20 tu, kisha wagawane kilichookolewa.

Asijaze. W-9 ni ya raia wa Marekani na wanaohesabiwa kuwa wakazi wake kikodi. Aliyekwisha kurudi Arusha akiisaini ametoa tamko la uongo kwa serikali ya Marekani, na sahihi ni yake, si ya wakala. Fomu inayomhusu ni W-8BEN. Hawa mawakala wanaokula vijana wetu kwa kuwaingiza kwenye kosa la jinai wangepaswa kuwa mahakamani.

Sasa hiyo 30. Ni kodi ya zuio tu, na wengi wakikatwa hunyamaza wakidhani hesabu imefungwa. Haijafungwa. Katika akaunti ya kawaida ambayo michango yake haikukatwa kodi, sheria hutenga mafungu mawili. Michango yako na ya mwajiri, kwa kuwa imetokana na kazi uliyoifanya Marekani, hutozwa kwa viwango vya mshahara, vinavyoanzia asilimia 10. Faida iliyozaliwa na michango hiyo ndiyo hutozwa 30.

Tuseme una dola 8,000: 7,000 michango, 1,000 faida. Watazuia 2,400. Kama mwaka huo huna kipato kingine Marekani, kodi halisi ni 700 na 300. Ongeza adhabu ya asilimia 10 kwa kutoa kabla ya miaka 59 na nusu, yaani 800. Jumla ni 1,800. Dola 600 zilizobaki ni zako, ila hakuna atakayekuletea. Uzidai mwenyewe kwa ritani ya fomu 1040-NR, ukiambatanisha 1042-S utakayopewa na kampuni, kabla ya miaka mitatu kupita. Na usitoe fedha mwaka uleule uliolipwa mshahara huko, kwani zitajumlishwa na mshahara huo na kiwango kitapanda.

Kwa nini mhitimu wetu asumbuke hivi? Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini zina mikataba ya kodi na Marekani. Tanzania haina, wala Kenya, wala Uganda. Kila mwaka tunawaaga vijana wanaokwenda kusoma kule, na serikali zetu hazijawawekea kinga ambayo Cairo iliwawekea watu wake tangu karne iliyopita. Hilo ni deni la wizara za fedha, na wabunge wanapaswa kuliuliza.

Hulazimiki kutoa, lakini. Salio likizidi dola 7,000 unaweza kuliacha likue hadi uzeeni. Likiwa pungufu, mpango unaruhusiwa kukuondoa: chini ya 1,000 huweza kutumwa kama hundi, juu ya hapo huhamishiwa akaunti nyingine bila kukusubiri ukubali. Barua na hundi hizo huenda kwenye anwani iliyomo kwenye kumbukumbu zao, mara nyingi chumba ulichopanga ukiwa mwanafunzi. Badilisha anwani kabla hujapanda ndege.