Kuupiga Mwezi Picha kwa Darubini na Vichujio

Watu wengi hudhani kwamba taabu ya mpiga picha wa usiku ni giza. Kwa mwezi, mambo ni kinyume. Mwezi huangazwa na jua lile lile lituangazalo mchana, na kamera iliyofungwa kwenye darubini isiporekebishwa, picha hutoka nyeupe tupu. Hapo ndipo chujio hufaa. Chujio ni kioo chembamba kinachopitisha nuru fulani na kuzuia nyingine.

Vichujio ni vya namna nyingi:

1. Cha kijivu hupunguza rangi zote sawasawa.
2. Cha manjano au kijani huifaa darubini ya lenzi. Lenzi za kawaida hazikutanishi rangi zote mahali pamoja, na kwa hiyo ukingo wa mwezi huzungukwa na utando wa zambarau. Chujio huuondoa.
3. Chekundu hutuliza picha. Hewa iliyo juu yetu hutikisika daima, lakini nuru nyekundu haisumbuliwi sana kama ile ya buluu.

Tena yafaa kuchagua siku. Mwezi mpevu hupigwa na jua uso kwa uso, basi vivuli havionekani. Robo ya kwanza ni bora: kwenye mpaka wa nuru na giza vivuli ni virefu, na milima na mashimo hujitokeza wazi. Kamera nayo ifunguke kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa kuwa dunia inazunguka, na mwezi huhama upana wake mzima kwa dakika 2 hivi.

Je, chujio ni cha kupendezesha picha tu? La. Mwaka 1910 Mmarekani Robert W. Wood aliupiga mwezi picha kwa nuru mbalimbali. Katika nuru ya altravioleti, ambayo macho yetu hayaioni, doa jeusi lilitokea karibu na shimo liitwalo Aristarchus. Katika nuru ya manjano doa hilo halikuonekana. Wood akachukua jiwe la volkano, akalitia kiberiti kidogo, akalipiga picha kwa njia ile ile. Kiberiti kikatoka cheusi. Akakisia kwamba pale mwezini pana kiberiti.

Leo wataalamu husema kwamba uwanda ule umefunikwa na chembe za kioo zilizorushwa na volkano za kale. Hata hivyo njia ya Wood imedumu: mawe ya mbali hupambanuliwa kwa kulinganisha picha za rangi mbalimbali za nuru.

Mwisho, wenzangu, shikeni neno hili. Chujio cha mwezi kisitumiwe kamwe kulitazama jua kwa darubini. Joto laweza kukipasua ghafula, na jicho likapofuka mara moja. Kioo huuzwa dukani, jicho haliuzwi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne