Banda likinuka masika, angalia chakula kwanza

Mvua zimeshika, na simu za wafugaji wa kuku wa mayai zinafanana: banda linanuka, kuku wanatoa machozi, mayai yamepungua. Dawa ya wengi ni kuongeza mashudu ya alizeti ili protini ipande. Naomba usiongeze kwanza.

Protini imejengwa kwa asidi amino, na kila moja imebeba kundi lenye naitrojeni. Mwaka 1937 wanasayansi wa Kisovieti, Alexander Braunstein na Maria Kritzmann, walionyesha kwamba kundi hilo huhama kutoka asidi moja kwenda nyingine. Walitumia nyama ya kidari cha njiwa, kwa hiyo habari hii inawahusu ndege tangu mwanzo. Kimeng'enya kikisaidiwa na vitamini B6 hulichomoa kundi kwenye asidi iliyozidi na kulipachika penye upungufu, na mpokeaji na mgawaji mkuu ni asidi amino iitwayo glutamati. Kwa njia hiyo kuku hujitengenezea asidi amino kama alanini.

Asidi amino iitwayo lisini haipatikani hivyo. Kuku lazima aile, na mahindi na alizeti vyote vina lisini haba. Ukirundika mashudu, zile asidi nyingine zinabaki bila kazi kwa kukosa lisini ya kwenda nayo. Mwili hauna ghala la kuziweka, hivyo naitrojeni yake hugeuzwa asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya kinyesi. Kuku hunywa maji zaidi ili aitoe, maranda yanalowa, na bakteria wanaigeuza kuwa amonia inayochoma macho. Umelipia harufu.

Protini ya asilimia 16 hadi 17 inamtosha kuku anayetaga, mradi iwe na lisini. Punguza alizeti, weka soya na dagaa. Soya ikaangwe, kwani mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni. Methionini, asidi amino inayopungua kwenye soya, imo kwenye dagaa. Kabla ya kununua gunia la dagaa, tia konzi moja kwenye glasi ya maji ukoroge: mchanga utazama, nawe utajua unauziwa nini.

Maranda nayo yafinye kiganjani. Yakibaki donge ukifungua mkono, yatoe, hasa chini ya vyombo vya maji, na uvipandishe vyombo hivyo vilingane na mgongo wa kuku. Turubai lishushwe upande unaopigwa na mvua tu.